Mpaka Wenye Upana

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chombo chochote cha kupimia. Nilipewa ufagio. Ofisi ya upimaji pale Masasi ilikuwa vyumba viwili vya mawe chini ya mlima, na Bwana Mkubwa wa Upimaji, Mzungu mrefu aliyebabuka shingo kwa jua, alinionyesha sakafu kwa kidole na kuondoka. Nilifagia upesi, nikarundika taka mlangoni, nikasimama wima kumngojea. Aliporudi hakutazama katikati ya chumba hata kidogo. Aliinama kwenye pembe, akapitisha kidole pale ukuta unapokutana na sakafu, akakiinua kikiwa na vumbi.

"Katikati kila mtu anaweza," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kazi yetu sisi ni pembeni."

Ilikuwa imebaki miezi michache tu tupate Uhuru, nami nilikuwa kijana kutoka Usangi, Upareni, niliyemaliza shule ya kati na kupangiwa kusini ambako sikuwa na ndugu wala jina. Nyumbani wajomba walinililia kana kwamba napelekwa vitani. Walisema huko kusini hakuna maji wala ndizi, nami nikawaambia kuwa palipo na watu hapakosi chakula. Kuhusu ndizi walikuwa wakweli.

Baada ya kufagia mara ya pili nilikalishwa kwenye kiti na kufundishwa maneno. Bwana Mkubwa alikuwa mtu wa maneno; nadhani angekuwa mwalimu kama asingependa kutembea porini. Alisema Kiingereza kina maneno mengi ya ukingo kama sisi Wapare tulivyo na majina mengi ya ndizi, na kwamba mpima asiyeyatenganisha atawagombanisha watu. Moja lilikuwa hili ambalo leo kila mtoto analitamka, boda. Alisimulia kwamba zamani sana lilianzia kwenye ubao, ule ubao wa ubavuni mwa merikebu unaozuia maji. Kutoka kwenye ubao likawa ubavu, kutoka ubavuni likawa ukingo wa kitu chochote. Wafaransa wakalitumia kwa taraza, ule urembo wa pindo la nguo, Waingereza wakalichukua kwao, wakaliita hivyo hata tuta la maua linaloambaa na ukuta wa nyumba. Hapo alinionyesha dirishani maua ya mkewe, yamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mwisho kabisa ndipo likafika kwenye nchi na nchi.

"Lakini wewe usilitumie kazini," alisema. "Boda ina upana. Maua yanaota ndani yake. Mstari wa mpima hauna upana hata wa unywele. Upande huu wa fulani, upande ule wa fulani, na kati yao hakuna kitu."

Nilimwelewa mara moja, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mlimani mpaka ni isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mstarini, na mtu anayeling'oa isale la jirani hulaaniwa na wazee. Ardhi ni finyu, kila hatua ina mwenyewe. Wenzetu hututania kwamba Mpare yuko tayari kumaliza ng'ombe mzima kwa kesi ya kuku, na kama kesi yenyewe ni ya isale, basi hata zizi zima halitoshi. Kwa hiyo mstari usio na upana ulinipendeza. Niliona nimepata kazi ya kabila langu.

Vijana wa leo mnapima kwa chombo kinachozungumza na angani. Sisi tulipima kwa mnyororo. Ulikuwa mnyororo kweli, wa chuma, wenye pingili mia, na ulitaka watu wawili: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma. Wa mbele alibeba fimbo ya kulengea iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Wa nyuma alifunga jicho moja na kumwelekeza kwa mkono, kushoto kidogo, kulia kidogo, hapo hapo. Jua likiwa kali chuma kinarefuka, kwa hiyo mistari mirefu tuliipima asubuhi. Pale mistari ilipokutana tulizika bikoni, yaani nondo iliyosimamishwa ndani ya saruji, na kuing'oa ilikuwa kosa la kwenda jela. Theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, ilisafiri kwenye sanduku lake ikipakatwa kama mtoto mchanga. Bwana Mkubwa alituambia kwamba mpima akianguka atapelekwa hospitali, ila darubini ikianguka mpima atapelekwa kwao.

Mshika mnyororo wangu wa mbele alikuwa Mponda, Mmakonde wa Newala, mwenye chale nzuri kwenye mashavu na mdomo usiokaa kimya. Alinizidi umri na alijua njia zote. Siku za mwanzo nilikuwa bosi wake kwa karatasi, yeye akawa bosi wangu kwa kila kitu kingine: maji yanapatikana wapi, nani apewe shikamoo kabla ya nani, na mti gani usikatwe hata ukiziba mstari. Aliniita Mpare hadi tunastaafu. Nilipomwoa Mama Neema, mwalimu wa Chiwata, Mponda alisimama mbele ya wazazi wake akasema ninyi mnampa binti mtu wa kesi, mtakuja kushtakiwa kwa kuku wenu wenyewe. Walicheka sana, wakanipa mke.

Uhuru ulipokuja Bwana Mkubwa alikaa nasi kidogo, kisha akafungasha. Maua ya mkewe yalikufa kiangazi kile kile, lakini mawe yake ya chokaa yalibaki mstarini miaka mingi yakizungukia udongo mtupu. Mimi na Mponda tulihamishiwa Newala.

Newala iko juu, na upande wa kusini ardhi inakatika ghafla. Unasimama kwenye ukingo, chini yako bonde, mbali kule Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma Msumbiji. Nilipofika vita ya kule ilikuwa imekwishaanza. Siku nyingine ndege za Wareno zilisikika kama mashine ya kukoboa iliyo mbali, na watu waliacha majembe wakatazama juu. Wakimbizi walipanda kutoka bondeni na mikeka, kuku na watoto mgongoni. Serikali ilikuwa na makambi yao huko ndani, mbali na mto, na wengi walipelekwa kwa lori. Lakini wengine walikuwa Wamakonde kama Wamakonde wa Newala, wana wajomba huku na dada kule, na hao waliingia vijijini kimya kimya kama mtu anayerudi kutoka kisimani. Nani angewapima?

Kisha ikaja miaka ya vijiji. Nyinyi mmesoma habari za Ujamaa shuleni. Mimi niliupigilia vigingi. Watu walitakiwa watoke kwenye mashamba waliyotawanyika, wajenge pamoja kandokando ya barabara ili wapate shule, zahanati na bomba la maji. Jambo la maji lilikuwa zito, kwa kuwa uwanda ule ni mkavu na wanawake walishuka bondeni na kupanda tena na ndoo. Sitawaambia kila mtu alihama kwa hiari, na sitawaambia kila mtu aliburutwa. Kazi yetu ilikuwa kugawa viwanja vya nyumba na kuweka mipaka ya mashamba, na Bwana Ardhi wa Wilaya, mkuu wangu mpya, alitaka iishe kabla ya mvua.

Bwana Ardhi alikuwa mtu wa Bukoba, mfupi, shati jeupe limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Alitembea na chupa yake ya kahawa na hakuwahi kumkaribisha mtu. Alikuwa mkali wa hesabu na mkarimu wa kukaripia. Eka ni eka, alipenda kusema, haijui huruma. Nilimwogopa, na nikiri wazi kwamba sikumpenda, mpaka tulipofika upande wa Mnyambe.

Hapo lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi. Kabla ya kupima tuliwaita majirani wawili waonyeshane mpaka. Kila mmoja anatembea kwenye ukingo wa shamba lake, mashahidi nyuma yake, na anapopita Mponda anapigilia kigingi. Mahali pote nilipopata kufanya shughuli hiyo, mambo yalikuwa yale yale. Huyu anasogea hatua mbili kwa mwenzake, mwenzake anapiga kelele, mashahidi wanavuana nguo, na sisi tunangoja wachoke. Mvutano siku zote ni wa kuongeza.

Mzee Hashimu na Mzee Yustino walikuwa majirani tangu utotoni, mmoja wa msikiti na mwingine wa kanisa, wote wana mikorosho mikubwa iliyotunzwa. Mzee Hashimu alitembea kwenye safu yake ya mibono, akafika mwisho, akasema, "Shamba langu linaishia hapa." Mzee Yustino alitembea kwenye safu yake ya minyaa, akafika mwisho, akasema la kwake linaishia hapo. Tatizo ni kwamba mibono na minyaa haikuwa sehemu moja. Kati yake palikuwa na ukanda mrefu wa ardhi, wenye upana wa kutosha nyumba, uwanja na bustani. Nao haukuwa mtupu. Palikuwa na kibanda cha udongo kilichoezekwa vizuri, mihogo, mbaazi, jiko la mafiga, na mwanamke amesimama mlangoni na mtoto wa kike, akitutazama.

Bwana Ardhi aliuliza ukanda ule ni wa nani. Mzee Hashimu akasema si wake. Mzee Yustino akasema si wake. Bwana Ardhi alidhani wanaogopa Serikali, akawaeleza kwa upole ambao sikuujua kwake kwamba hakuna atakayenyang'anywa. Wakasema wameelewa, na si wao.

Mponda alinivuta kando akanieleza. Kwao, mashamba mawili hayagusani. Kila mmoja anaacha kipande upande wake, na vipande viwili vikikutana vinakuwa mahali pasipo na mwenyewe. Walikuwa na neno lake kwa Chimakonde ambalo siliandiki hapa, kwa sababu kila nilipolitamka nilichekwa. Njia ya kuendea maji hupita humo, mbuzi wa kijiji hula humo, na mtu akija hana kwao, humo ndimo anamowekwa.

"Analima mhogo, anapanda mbaazi, hamna tabu," Mponda alisema. "Nkorosho hapandi. Ntu akipanda nkorosho, kashakuwa mwenyewe."

Mwanamke aliitwa Mama Roza. Alikuwa amevuka Ruvuma na mumewe, mtoto wao na mama yake mzazi. Mume aliijenga ile nyumba, akaiezeka, akakaa msimu mmoja, kisha akarudi ng'ambo kupigana. Tangu hapo hakuna habari.

Katibu wa chama wa kata, kijana mwenye haraka zake, alikuwa nasi, na yeye aliona jambo ni jepesi. Mstari mmoja upite katikati ya ukanda, nusu kwa Mzee Hashimu, nusu kwa Mzee Yustino. Nyumba ibomolewe kwa kuwa iko juu ya mstari, na yule mama si mwanakijiji, ni mkimbizi, kwa hiyo lori litakalopita wiki ile limpeleke kambini huko ndani ambako kuna mgao wa chakula. Hakuyasema kwa ubaya. Aliamini anamsaidia.

Mama Roza alimsikiliza hadi mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini hakutaka Mponda amtafsirie.

"Mume wangu aliniacha hapa," alisema. "Anapajua hapa tu. Nkienda huko, akija ataniona wapi?"

Kambi ilikuwa safari ya siku nzima kwa lori, na mtu anayetoka vitani akipanda kutoka bondeni hana wa kumuuliza. Angekuta safu ya mikorosho michanga mahali alipoiacha nyumba yake.

Bwana Ardhi hakuwa mjinga. Aliwageukia wazee akawaambia njia ni rahisi: mmoja wenu aseme ukanda huu ni wake na huyu mama ni mgeni wake, niandike, mama abaki, tuondoke. Mimi nilishusha pumzi, nikijua yamekwisha. Mzee Hashimu akatikisa kichwa. Mzee Yustino naye akatikisa kichwa. Nilikasirika, nawaambia kweli. Niliona wazee wawili wanaoshindana ukaidi huku maisha ya mtu yakining'inia.

Mzee Yustino ndiye aliyesema. Alisema polepole, akimtazama Bwana Ardhi na si Katibu.

"Akiwa kwangu, ni ntu wangu. Mimi nikifa, wanangu watamwambia lima hapa, toka hapa. Akiwa hapo alipo, hana bwana. Ni mgeni wetu sote."

Mzee Hashimu akaongeza kwamba hata yeye, babu yake alifikia mahali kama hapo, akitoka bondeni na njaa, na hakuna aliyemwita mtumwa wake. Kisha kila mmoja akarudi kwenye ukingo wake.

Katibu alisema mstari lazima uchorwe. Bwana Ardhi akasema utachorwa, rudini kesho. Mchana ule alitembea peke yake kwenye ukanda ule toka mwanzo hadi mwisho, na chupa yake ya kahawa kwapani. Mama Roza aliendelea na kazi zake, akipepeta, akichochea moto, lakini nilimwona anavyomfuata kwa macho. Alipofika mlangoni kwake Bwana Ardhi alisimama, akasema maneno machache, akapewa kigoda. Akaketi, na akamimina kahawa kwenye kikombe cha chupa akampa bibi mzee, mama yake Mama Roza, aliyekuwa amejilaza kivulini. Mponda alinipiga kiwiko. Hatukuwahi kuona kahawa ile ikipewa mtu.

Asubuhi aliwasili mapema kuliko sote. Akaniambia nifungue karatasi ya ramani.

"Chora mistari miwili," alisema.

Katibu aliuliza kati ya mistari miwili kutaandikwa nini, maana ramani haina ardhi isiyo na mwenyewe. Bwana Ardhi alimjibu kwamba ameambiwa na wenye mashamba mashamba yao yanaishia wapi, na mpima hana ruhusa ya kumwongezea mtu ardhi anayoikataa. Kati ya mistari kutabaki kilichopo. Wakubwa wakiuliza, watamuuliza yeye.

Nilichora mistari miwili. Tulizika bikoni kwenye mibono na bikoni kwenye minyaa, na Mponda alibeba saruji akiimba. Ni wakati ule, nikiwa nimepiga magoti na mikono imechafuka, ndipo lilipokuja kichwani lile neno la siku ya kwanza ambalo Bwana Mkubwa alinikataza. Ubao, ubavu, taraza ya nguo, tuta la maua: vyote vina upana. Niliwaza pia maneno yetu. Pindo la kanga si uzi mmoja, ni kipande kizima kinachozunguka ule mji wa katikati, na kanga isiyo na pindo hakuna mwanamke atakayeinunua. Na ukingo, sidhani uko mbali na kukinga. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukingo ni pale kitu kinapokwisha. Pale Mnyambe niliona watu wanaoutumia kumkinga mtu.

Mama Roza alituletea mihogo ya kuchemsha na kisamvu kilichoungwa kwa korosho alizopewa na majirani. Alituwekea chakula, akakaa mbali kidogo, akalia.

Mwaka uliofuata Bwana Ardhi alihamishwa wilaya. Sijui kama ni kwa ajili ya mistari miwili au ni zamu tu ya uhamisho, kwa kuwa wakati ule tulihamishwa sana. Aliniachia ile chupa ya kahawa. Nilimkosea kwa mawazo muda mrefu, na ninamkumbuka kwa heshima.

Masika yale bibi mzee alifariki. Mimi na Mponda tulikwenda mazishini. Mama Roza aliomba mama yake alazwe nyuma ya nyumba, na nikashangaa kuona wazee wale wale wawili wakikataa. Walimkatalia kwa upole, wakimshika mikono. Mzee Yustino akatoa mahali ndani ya shamba lake, penye kivuli cha mkorosho wake mzuri kuliko yote, na hapo akazikwa, na wake za wanawe wakapafagia kila wiki kama kaburi la kwao. Njiani kurudi nilimuuliza Mponda sababu. Alisema kaburi ni kama mkorosho, na zaidi, maana mkorosho unaweza kukauka. Kaburi ni kigingi kisichong'oka. Ukizika pale, mahali pa mgeni pamekwisha.

Vita ilipomalizika na Msumbiji wakapata uhuru wao, watu walianza kushuka bondeni na mikeka ile ile. Asubuhi moja Mponda alikuja ofisini mbio, amevaa shati kinyume. Mume wa Mama Roza alikuwa amepanda kutoka mtoni jana yake. Hakumuuliza mtu njia. Alipita mibono ya Mzee Hashimu, akakunja, akafika mlangoni, akapiga hodi kwenye nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Roza, ambaye sasa alikuwa msichana, ndiye aliyetoka, wala hawakujuana.

Nilipanda baiskeli nikaenda. Nilimkuta mwanamume aliyekonda, mwenye mvi, amekaa kwenye kigoda alichokalia Bwana Ardhi. Mama Roza alikuwa anamenya mihogo mbele yake. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa mashaka kama mtu aliyesahau salamu za amani. Nikageuka nikajifanya ninakagua bikoni, kwa sababu machozi yalinitoka na sikutaka aone.

Waliondoka baada ya kuvuna. Mzee Hashimu na Mzee Yustino waliwasindikiza hadi kwenye mteremko. Nyumba iliporomoka taratibu, minyaa ikanenepa, na miaka yote niliyopita njia ile sikuona mkorosho hata mmoja ukipandwa kati ya bikoni zetu.

Kazi ilinirudisha Masasi, ikanipeleka pwani, ikanirudisha tena Newala, hadi nywele zikawa nyeupe nikastaafu. Nilikwenda Usangi na Mama Neema, kwa kuwa mtu hustaafia kwao. Nikakuta isale limehama. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amelisogeza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na mimi niliyepima nusu ya kusini nikabaki na kipande ambacho ukilala miguu inatokeza kwa jirani. Ningeweza kushtaki. Ng'ombe wa kesi ningempata. Lakini nilikuwa nimechoka na mistari, na Mama Neema akasema turudi kusini. Tulirudi Chiwata, kwao, akaugua, nikamzika huko. Nyumba ile ilikuwa ya dada zake, na mjane kukaa kwa mashemeji si jambo la muda mrefu.

Mponda, naye mstaafu, aliposikia alikuja na fimbo yake. Hakuniuliza. Alinipeleka Mnyambe kwa watoto wa wale wazee wawili, ambao walikuwa wamekwishafariki. Nilijua ananipeleka wapi, nikaona aibu. Nilimwambia mtoto wa Mzee Hashimu kwamba nimekaa huku maisha yangu yote, nina mke niliyemzika huku, sidhani mimi bado ni mgeni.

"Mgeni ni ntu asiye na pa kwenda, Baba Neema," alisema. "Unapo?"

Nikasema sina.

"Basi."

Ndipo ninapoishi sasa, kati ya mibono na minyaa, ndani ya mistari miwili niliyoichora kwa mkono wangu. Binti yetu Neema hunitaka nihamie kwake mjini na mimi humwahidi mwaka ujao. Vijana wa pikipiki wanaotoka Newala wananiita Mzee wa Mpakani. Siku moja mmoja wao aliniuliza kwa nini kazi yao inaitwa bodaboda, nikamsimulia nilivyosikia, kwamba ilianzia huko kaskazini, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi nyingine palikuwa na kipande kirefu kisicho cha mtu, na waendesha baiskeli walipiga kelele boda, boda, wakiwavusha abiria waliochoka. Nikamwambia basi wewe ni mtu wa ukanda kama mimi. Alicheka, akanipeleka sokoni.

Nimepanda mihogo na mbaazi. Mkorosho sijapanda, ingawa miche nimepewa zaidi ya mara moja na watu wasiojua. Na kwa kuwa umri umekwenda, nimemwambia Neema na ninayaandika hapa ili asije akasema alisahau. Siku yangu ikifika, wasinizike hapa, hata kama watoto wa wazee wataona haya kukataa. Wanipeleke Chiwata kwa Mama Neema. Mabati waezue, na chupa ya kahawa wampe Mponda kama yupo. Mihogo wasiing'oe. Atakayekuja atakuwa na njaa.